Chukua Kitenzi, Jina la Ukoo Liache Nyumbani

Wasee, wiki tatu zilizopita nilifanya makosa, na afadhali niyaseme mimi mwenyewe kabla hamjanisaidia kuyasema.

Niliweka video, dakika moja na nusu hivi. Nikawaambia mchukue jina la ukoo la mwanasiasa yeyote, mligeuze liwe kitenzi, halafu mtuambie maana yake. Hakukuwa na zawadi. Mkenya hahitaji zawadi kwa kazi kama hiyo. Kufika jioni nilikuwa nimelala kwa kochi nikicheka peke yangu mpaka mathee akauliza kama niko sawa. Msee mmoja alichukua jina la mheshimiwa fulani akasema maana yake ni kuahidi barabara huku umesimama kwa matope ya ile uliyoahidi mara ya mwisho. Dada mwingine akachukua jina lingine akasema ni kulia kwa mazishi ya mtu ambaye hukushika simu zake akiwa hospitali. Niliona ni kazi safi. Kila nikifungua simu, watazamaji wameongezeka.

Siku ya tatu nikapata meseji. Kijana wa kidato cha nne, shule ya kutwa. Jina lake la mwisho ni lile lile la mmoja wa hao waheshimiwa. Akaniambia darasani hawamwiti jina lake la kwanza tena. Kalamu ikipotea, swali ni nani ameitendea kalamu hicho kitenzi, na darasa zima linageuka kumwangalia yeye. Mwalimu naye alicheka. Akamalizia kwa kusema huyo mwanasiasa si ndugu yao, hawajawahi hata kumwona, na jina ni la babu yake aliyekuwa anauza mbuzi sokoni kabla mheshimiwa hajazaliwa.

Nikafuta video. Wengi mkaja kuuliza kama nimetishwa ama nimelipwa. Hakuna aliyenitisha, na kama kuna mtu alituma pesa, bado haijafika. Nilifuta kwa sababu ya huyo kijana.

Sasa nyinyi ambao mmeanza kupiga makofi, mkisema eti hatimaye kijana ameelewa maana ya kuheshimu viongozi, ngojeni kidogo. Sijasema tuache kuwacheka. Ninasema tunawacheka vibaya. Kitenzi tunakihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Jina la ukoo ndilo hatulihitaji.

Wacha nianze na kitenzi.

Huu mchezo si wetu peke yetu. Wajerumani wanaucheza vizuri sana. Mwaka wa 2011 waziri wao wa ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, alipatikana tasnifu yake ya uzamifu imejaa kazi za watu wengine ambao hakuwataja. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamnyang'anya shahada, na tarehe 1 Machi akajiuzulu. Mtaani jina lake lilikuwa limeshakuwa kitenzi, guttenbergen, yaani kukopi kazi ya mtu na kuweka jina lako juu. Mwaka wa 2015 kwa ile kura ya kuchagua neno la vijana la mwaka, kulikuwa na neno merkeln, kutoka kwa Angela Merkel, chansela wao. Maana yake ni kukaa tu, usiamue kitu, usiseme kitu, ungoje mambo yajipange. Halikushinda, lakini kila mtu alielewa.

Waukraine nao mwaka wa 2022, nchi yao imevamiwa na Urusi, walimwona rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, akipiga simu Moscow kila mara na kupigwa picha akiwa na uso wa wasiwasi. Wakatengeneza kitenzi kutokana na jina lake. Maana yake ni kuonyesha dunia nzima kwamba una wasiwasi sana, halafu usifanye kitu. Watu walikuwa wanaangukiwa na makombora na bado walipata nguvu ya kutunga neno. Heshima kwao.

Na hata boycott, ile Kiswahili tunaita kususia, alikuwa mtu. Charles Boycott hakuwa mwanasiasa, alikuwa msimamizi wa mashamba ya lodi mmoja kule kaunti ya Mayo, Ayalandi. Mwaka wa 1880 wakulima waliomba kodi ya mashamba ipunguzwe, yeye akataka kuwafurusha. Hawakumgusa. Walikataa kumvunia, madukani wakakataa kumuuzia, hata barua zake zikakosa wa kumpelekea. Kabla mwaka uishe jina lake lilikuwa kitenzi. Leo mtu anasema anaboikoti klabu fulani kwa sababu ya bei ya kiingilio, na hajui anamtaja mzungu aliyekufa zamani. Vile vita vya mashamba vimeisha lakini kitenzi bado kinafanya kazi.

Sasa angalia sisi. Sisi ni mabingwa wa majina ya utani, hilo hakuna atakayetunyang'anya. Rais William Ruto peke yake ana majina ya kujaza basi. Zakayo, Kasongo, Vasco da Ganya, na mengine ambayo nikiyaandika hapa mathee atanipigia simu. Lakini jina la utani ni nomino, na nomino ina shida moja. Mwenyewe anaweza kulivaa. Zakayo lilipoanza kuwaka mwaka wa 2023, mwenyewe alilichukua akalifanyia utani jukwaani, watu wakacheka naye. Hapo mchezo umeisha, bana. Ukimrushia mtu kofia akaivaa na ikamkaa, wewe ndiye umemvalisha.

Na hata hatukulitumia vizuri. Zakayo wa Biblia, ukisoma Luka sura ya 19, alipanda mkuyu, akaitwa ashuke, akashuka. Halafu akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne. Mara nne! Juni 2024 tulikuwa barabarani tukiimba Zakayo ashuke, na kwa kweli tulikuwa tunamtukana Zakayo wa Yeriko. Yule mzee alirudisha. Hapa VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikaenda 16 mwaka wa 2023, mshahara ukaanza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba, na sijasikia habari ya kurudishiwa hata mara moja, wacha mara nne.

Ndio maana nasema tuhame kutoka kwa nomino. Kitenzi hakivaliki. Kitenzi kinasema umefanya nini, na jibu lake ni moja tu, uache kufanya.

Na Kiswahili, jamani, kimetengenezwa kwa kazi hii. Mwaka wa 2015, John Magufuli alipoingia Ikulu ya Tanzania na kuanza kukata safari na sherehe za serikali, watu huku na kule walitunga kitenzi kutokana na jina lake. Wakati ule kilikuwa cha sifa. Lakini walikibandika mkia wa Kiingereza, magufulify, kama watu ambao hawana mikia yao. Sisi tuko nayo mingi. Chukua Zakayo tu. Toa ile o, weka a. Kuzakaya. Maana yake iwe hivi: kumkamua asiye nacho halafu umwambie ni kwa faida yake mwenyewe.

Sasa kinyambue. Ajenti wa ploti anamzakayia mwenye nyumba, yaani anatukamua kwa niaba ya mwingine. Sisi wapangaji tumezakaywa. Kwa chama wenyewe kwa wenyewe tunazakayana. Mshahara wa ajira unazakayika haraka kuliko pesa ya kibanda, kwa sababu unakatwa kabla hujauona. Na mbunge anayenyanyuka kusema ndio, huyo anazakayisha.

Hapo kwa mbunge ndipo nataka usimame kidogo. Tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopigiwa kura mara ya mwisho bungeni, waliosema ndio walikuwa 195. Mia moja tisini na tano! Walitoka kila kona ya nchi, makabila yote, wengine ni watu tunapiga nao picha wakija kuzindua bomba la maji. Jina la utani lilimkamata mtu mmoja. Wale wengine walipita chini ya mkono wake kama watoto wanaoingia uwanjani bure. Mwaka uliofuata walikuwa wanacheza Kasongo na sisi harusini. Kitenzi kingewashika wote. Hauhitaji kujua jina la mbunge wako, unahitaji kujua kama alizakayisha ama hakuzakayisha.

Sasa nirudi kwa jina la ukoo, na kwa yule kijana wa kidato cha nne.

Mjerumani akisema merkeln, hakuna kijiji kinachoumia. Merkel hata si jina la babake, ni la mume wake wa kwanza. Ukilisikia halikuambii mtu anaabudu wapi, anaongea lugha gani nyumbani, ama alipigia nani kura. Kenya je? Kenya jina la mwisho ni kitambulisho kabla ya kitambulisho. Umeenda kutafuta kazi, mtu anasoma jina lako kwa karatasi na tayari ameshajua, ama anafikiri ameshajua. Umepanda boda, umetaja jina kwa simu, mwenye boda anabadilisha lugha. Hatujawahi kukubaliana iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hivyo ukichukua jina la ukoo la mwanasiasa ukaligeuza kuwa neno la wizi, unadhani umemwita mtu mmoja mwizi. Wanaolibeba kwa register ya shule, kwa foleni ya hospitali, kwa kituo cha polisi, ni maelfu, na wengi wao wamezakaywa kama wewe tu.

Na usiniambie ni neno tu. Nchi hii inajua neno linaweza kufanya nini. Madoadoa ni neno la kawaida kabisa. Ni la ng'ombe, la chui, la shati. Bonde la Ufa liligeuka kuwa jina la jirani ambaye hatakiwi pale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na walioua hawakuanza na panga, walianza na maneno. Ndio maana mwaka wa 2022 tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ililiweka madoadoa kwenye orodha ya maneno ya chuki. Wengi wetu tunaosoma hii tulikuwa watoto wadogo ama hatujazaliwa. Lakini tunaijua, kwa sababu kuna mashamba ambayo mpaka leo wazazi wetu wakipita karibu wananyamaza.

Sasa ona jambo ambalo hatujajipongeza nalo. Mwaka wa 2024 tuliposema hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi, hatukuishia kwa mabango. Hata majina tuliyochagua yalifuata hiyo sheria bila mtu kuitangaza. Zakayo ametoka kwa Biblia. Kasongo ametoka kwa wimbo wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliohamia Nairobi. Hakuna mtoto anayerudi nyumbani analia kwa sababu ya hayo majina. Tulikuwa na akili kuliko tulivyojijua. Halafu mimi, mjanja wa kontenti, nikaja na video yangu nikataka kuturudisha kwa majina ya ukoo kwa sababu Wajerumani wanafanya hivyo. Nilikopi bila kufikiri. Niliguttenberg, kama unataka neno lake.

Najua kuna watakaosema nimelegea. Kwamba mwanasiasa mwenyewe anatumia jina lake la ukoo kutafuta kura, anaenda kwao anasema huyu ni mtoto wenu, mkinigusa mimi mmewagusa nyinyi wote. Kwa nini basi tusilishike jina hilo hilo? Hiyo ndiyo hoja nzuri kuliko zote nilizopokea, na jibu langu liko ndani yake. Yeye anataka ukoo wote usimame mbele yake kama ukuta. Ukilitukana jina, unamjengea ukuta bure. Mzee wa kijijini ambaye alikuwa amemkasirikia jana, leo anamtetea, kwa sababu umemgusa na yeye. Ukisema amezakayisha, huyo mzee anabaki na swali lake: ni kweli ama si kweli? Na anajua ni kweli, kwa sababu naye ananunua unga.

Kuna wa upande wa pili, wale wa heshima. Eti vijana wa siku hizi hawana adabu, eti rais ni taasisi, eti hata ukiwa na hasira kuna namna ya kuongea na mzee. Sawa. Mimi nimelelewa, nasalimia wakubwa, nabeba mizigo ya kina mama kwa ngazi. Lakini tuhesabu pamoja nani amekosa adabu. Desemba 2024 vijana walitekwa kwa sababu ya posti na picha za kumcheka rais. Mchora katuni Kibet Bull alikuwa mmoja wao, akaachiliwa Januari. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni hiyo, na 29 walikuwa bado hawajulikani waliko mwaka ukiisha. Juni 2025 mwalimu mmoja kijana alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi, akafia ndani ya kituo. Jina lake unalijua. Kwa hivyo mtu akiniambia shida ya nchi hii ni vijana wenye midomo, namwomba aweke upande mmoja wa mizani kitenzi, upande wa pili aweke jeneza, halafu aniambie kipi kizito.

Na kwa sababu kuna watu wamelipia maneno kwa gharama hiyo, sisi tuliobaki hatuna ruhusa ya kuyatumia ovyo. Hapo ndipo video yangu ilinikera zaidi. Watu wametekwa kwa sababu ya katuni, na mimi nilitumia uhuru huo huo kumfanya mtoto wa watu achekwe juu ya kalamu.

Nimalize na kisa cha aibu, kiko kifupi. Tuko mbogi ya watu sita tunaofanya kontenti. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo kila shilingi naijua kwa jina. Mwezi jana tulichanga mia tano kila mtu tununue maiki, na mimi ndiye niliyeshika pesa. Nilikata mia nne. Nikajiambia ni nauli ya kwenda Luthuli Avenue, ni chakula, ni usumbufu. Nauli ilikuwa mia moja. Mmoja wetu akapiga hesabu, akanitazama, akasema, "Buda, umetuzakaya."

Angeniita Zakayo ningecheka. Ningejibu na utani mwingine, tungeendelea. Lakini alisema nimefanya, na nilikuwa nimefanya. Nikatoa simu, nikawarudishia mia tatu hapo hapo. Si mara nne, bado nakua. Lakini nilielewa kitu ambacho ile video haikunifundisha. Kitenzi kizuri hakimwogopi mwenye kukitunga. Kinamshika gavana, kinamshika afisa wa kanjo, kinamshika karani wa hospitali anayeuliza chai, na siku yako ikifika kinakushika wewe. Kama neno lako haliwezi kukushika wewe, wala mtu wa kwenu, hilo si kitenzi. Ni tusi la kabila limevaa miwani.

Kwa hivyo mchezo unarudi, lakini na sheria. Tunga kitenzi kutokana na kitendo chenyewe, ama na ahadi aliyoitoa kwa mdomo wake, ama na jina la utani lisilo na kijiji. Maana yake iwe jambo tunalolijua wote kwamba lilitokea, si udaku. Usiguse mwili wa mtu, mamake, wala lugha yake. Halafu kabla hujakituma, kijaribu kwa mwanasiasa unayempenda. Kikimkaa, kitume.

Naweka video mpya Ijumaa. Nimeshamwandikia yule kijana wa kidato cha nne nikamwomba msamaha. Amesema sawa, lakini kwa sharti moja: kitenzi cha kwanza atunge yeye. Ameshanitumia. Ni cha kusema mtu aliyetengeneza umaarufu kwa jina la mwingine, akafuta ushahidi, akarudi kuomba msamaha na watazamaji wakaongezeka.

Mzizi ni jina langu la utani. Nimekubali.